Kompyuta Tuliyoiombea Kabla ya Kuifungua

S.L.P. 318,
Mweiga.
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Ntinyari,

Kabla sijaanza kugomba, wacha kwanza nikusalimu kama mtu aliyelelewa vizuri. U mzima? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia yule bibi unayemtunza huko Doha ni mzito na kumgeuza kitandani kunakumaliza. Tafadhali usijifanye chuma. Itisha mtu wa kukusaidia, na wakikataa itisha tena. Na hilo joto lenu limepungua kidogo? Sisi hapa baridi ya Agosti ilitutesa mpaka nguo zikakataa kukauka, lakini sasa jua limeanza kuonekana na ukungu unaondoka mapema.

Mimi niko salama isipokuwa goti. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, mzuri ajabu, na maziwa yapo. Viazi tumevuna. Bei yake inatia hasira, lakini hiyo ni hasira ya kila mwaka, nimeizoea. Hii iliyonifanya nishike kalamu ni mpya kabisa.

Nakuandikia kwa sababu simu haitoshi. Nikianza kukueleza haya maneno kwa simu nitapaza sauti, wewe utaanza kulia, halafu yule bibi atakuita na tutaachana katikati. Simeon, kijana wa jirani yangu, anarudi kazini huko huko Doha Alhamisi na amekubali kubeba bahasha. Kwa hivyo keti chini usome mpaka mwisho. Najua Warigia amekuambia kidogo kidogo, lakini binti yako ana heshima nyingi na kuna mambo amekuficha. Mimi sina heshima ya namna hiyo.

Unajua vile nilivyo na huyo mtoto. Tangu tumzike kaka yangu Kahiga na wewe ukaenda kututafutia, amelala kwangu, amekula kwangu, ameumwa mikononi mwangu. Tena amebeba jina la marehemu mama yangu, kwa hivyo sijawahi kumkaripia vizuri, nawezaje kumkaripia mama yangu? Alipopata ile nafasi ya kusomea kutunza rekodi za hospitali kwa njia ya mtandao, bila karo, niliingia jikoni nikalia peke yangu kwa furaha.

Sharti la chuo lilikuwa moja. Kila mwanafunzi awe na kompyuta yake, iliyo na kamera, siku ya kwanza ya darasa. Usipoonekana usoni Jumatatu ile ya kufungua, nafasi yako inapewa mwingine anayengoja, na wanaongoja ni wengi. Simu hawakubali, kwa sababu ile kazi wanayofundishwa haifunguki kwa simu. Warigia alipangiwa darasa la jioni. Nilienda mwenyewe saiba, lile duka la intaneti la hapa Mweiga, kuuliza, nikaambiwa wanafunga jioni na kompyuta zao hazina kamera. Mwalimu jirani yetu naye ana yake, lakini ni ya shule na haitoki. Ndiyo maana tulikuomba wewe, na ukatuma bila kuuliza swali hata moja. Mungu akuweke.

Hapo ndipo akaingia huyu mkora. Anajiita Theuri na duka lake analiita Kilele Kompyuta. Aliingia kwenye kile kikundi cha simu cha wanafunzi wapya, sijui nani alimfungulia mlango, akawa anawaandikia kila asubuhi. Kwanza andiko la Biblia, halafu kompyuta za leo. Unachagua, unamtumia pesa, anakuletea kwa ofisi ya mizigo ya matatu iliyo karibu nawe. Nilimpigia mwenyewe ili nimpime. Akaniitikia kwa Gikuyu safi, akaniita mum, akaniuliza kama Mweiga tumepata mvua na kama ng'ombe wanakula vizuri. Wifi, mtu akiniuliza juu ya ng'ombe wangu mimi nimekwisha. Nikasema huyu ni mtoto wa watu. Nikamtumia pesa zako zote siku hiyo hiyo.

Boksi likaja Jumanne, zuri, limefungwa kwa utepe kila upande. Na sasa hapa usinicheke. Unajua akina mama wa kanisa walikuwa wamechanga kuongezea ulichotuma. Na unajua desturi yetu, kitu ambacho kanisa limetia mkono hakifunguliwi nyumbani kama sukari. Kinapelekwa kwanza madhabahuni, kinaombewa, halafu kinafunguliwa mbele ya wote waliotoa. Ndivyo tulivyofanya na ile cherehani ya Magdaline na ndivyo tulivyofanya na tangi la maji. Kwa hivyo boksi nikaliweka juu ya kabati, nikalifunika kwa kitambaa kile cheupe cha kufuma, likakaa hapo wiki yote. Warigia alikuwa akiingia sebuleni analitazama tu. Siku moja akaniomba kwa lile jina analoniita mimi shangazi yake, Tata, nifungue kidogo nione kama inawaka, nitaifunga tena. Nikamwambia avumilie, Mungu hapewi kitu kilichoonjwa.

Jumapili mchungaji akatuita mbele. Akaweka mkono juu ya boksi, mimi nikaweka wangu, Warigia akaweka wake, na akina mama wakatuzunguka. Tukaombewa maombi marefu. Shiro wa kwaya akatupiga picha, sote meno nje. Halafu ndipo boksi likafunguliwa.

Ikatoka kompyuta kuukuu, nyeusi, imekwaruzwa mgongoni mahali palipokuwa na jina la kampuni fulani. Warigia akaibonyeza ikawaka, watu wakapiga makofi. Makofi hayajaisha ikaitisha nenosiri. Ati nenosiri la ofisi, ofisi ya wapi hatujui, maandishi yenyewe yalikuwa ya lugha ya kizungu ambayo hata mchungaji hakuitambua. Warigia akabonyeza hapa, akabonyeza pale, ikakataa katakata. Mzee Wambugu akasema labda tuombe tena. Nilitamani sakafu inimeze.

Nikampigia Theuri pale pale nje ya kanisa. Akanisikiliza kwa upole, akaniambia pole sana mum, lakini mwenye shida ni lazima aseme siku ile ile aliyopokea mzigo, na sisi tumekaa nayo. Nikamuuliza hiyo sheria aliniambia lini. Akasema imeandikwa kwa karatasi. Karatasi gani? Ile iliyo ndani ya boksi. Wifi, hebu fikiria akili ya mtu kama huyo. Ili ujue kwamba usikawie kufungua, ni lazima kwanza ufungue.

Nilimgombeza mpaka akakubali tuirudishe, atume nyingine. Tukairudisha. Ya pili ikaja, na safari hii hatukungoja kanisa, tulifungulia juu ya kaunta ya mizigo. Iliwaka, ndiyo, lakini ukichomoa waya inazima, herufi nyingine ukizibonyeza hazitoki, na kamera inaonyesha giza tupu. Warigia alijaribu kuandika jina lake na nusu yake haikuonekana. Huyo ndiye mtoto aliyetakiwa kuonekana usoni Jumatatu.

Kuanzia hapo Theuri akaingia mitini. Simu inalia haishikwi. Ukimwandikia anajibu kwa baraka. Nikamwandikia kwamba darasa linafungua na mtoto atapoteza nafasi, akanijibu Bwana akutendee mema mum. Nikamwandikia kwamba yeye ni mwizi, akanijibu Amina. Katika maisha yangu yote nimetukanwa na watu wengi, na hata kule sokoni kuna mwanamke aliyewahi kunirushia kabichi, lakini hakuna aliyewahi kunipandisha damu kama huyo kijana na Amina yake.

Na mtoto akaacha kula. Hili ndilo alilokuficha. Alikuwa anasukuma sahani, anasema ameshiba, halafu namkuta nje kwa ng'ombe amesimama tu. Siku moja akaniambia polepole kwamba labda aende akaombe kazi ya kuchuma maua kule Timau, kwamba chuo si cha kila mtu. Nikamwambia akirudia maneno hayo nitasahau amebeba jina la nani.

Jumamosi kabla ya ile Jumatatu nikavaa sweta yangu nzito na tukaenda Nyeri mjini, mimi na yeye na ile kompyuta mbovu ndani ya kiondo. Mahali alipokuwa ameandika kwamba ni duka lake, ghorofani, tulikuta saluni. Yule dada wa saluni hata hakuacha kusuka. Akatuambia amechoka kuulizwa kompyuta, na kwamba tukimwona huyo mtu tumwambie aache kutumia chumba chake. Hapo nilikaa kwenye ngazi nikafikiri. Mtu anaweza kudanganya juu ya duka, lakini mizigo yake ni lazima apeleke mahali. Tukashuka mpaka ile ofisi ya mizigo, nikamuuliza karani, na karani akasema huyo kijana huja kila alasiri na maboksi. Tukaketi kwenye benchi tukamngoja.

Akaja. Kijana safi, viatu vinang'aa, anasukuma mkokoteni mdogo wenye maboksi kama lile letu. Unajua nilitegemea nini? Nilitegemea akiniona atakimbia. Badala yake uso ukamfunguka, akaninyooshea mkono na kusema, "Mum, si ni wewe wa ile picha? Umeniletea wateja wengi sana."

Sikuelewa. Akatoa simu akanionyesha. Ni ile picha ya kanisani, Ntinyari. Shiro alikuwa ameirusha kwenye mtandao Jumapili ile ile kabla boksi halijafunguliwa, na Theuri akaiokota. Mkono wa mchungaji juu ya boksi, mimi nimekenua, Warigia amefumba macho anaomba, na chini yake ameandika kwamba familia za Mweiga zinamshukuru Mungu kwa ajili ya Kilele Kompyuta. Alikuwa ameisambaza kwa kikundi chote cha wanafunzi. Watoto wa watu wametoa pesa za wazazi wao kwa sababu walimwona mchungaji na mama mzima aliyejifunga kitambaa kichwani. Yaani alikuwa ananitumia mimi kuibia watoto, na akanishukuru kwa mkono.

Sijui nilisema nini. Warigia anasema nilisema mengi na mengine hayafai kuandikwa katika barua inayobebwa na kijana mlokole. Ninachokumbuka ni kwamba niliketi juu ya yale maboksi. Unajua ukubwa wangu. Nikamwambia kwamba hakuna hata moja litakalopanda gari mpaka mtoto wangu apate kompyuta inayofanya kazi, na kama anataka kuniinua aite watu. Watu wakaja wenyewe, lakini si kuniinua. Wapiga debe wakasimama, karani akatoka nyuma ya kaunta, wanawake wa kuuza ndizi wakasogea, na kila mtu akataka kuelezwa upya.

Kijana akaona mambo yameharibika. Akainama karibu na sikio langu, akaniambia, "Mum, tusiaibishane. Hii moja iko sawa kabisa, chukua mwende nyumbani." Akavuta boksi moja la chini, akabandua ile karatasi ya anwani juu yake, akafungua. Ntinyari, ilikuwa kompyuta nzuri. Warigia akaiwasha, ikawaka mara moja. Akaandika jina lake na herufi zote zikatoka. Akafungua kamera na uso wake ukaonekana, na niliuona ukitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Nilitaka tuichukue. Sitakuficha. Nilikuwa tayari kuinuka. Lakini binti yako akaokota ile karatasi iliyobanduliwa, akaisoma. Nikamkanyaga mguu ili anyamaze. Akanitazama na kusema, "Tata, hii ni ya Peris."

Peris ni msichana wa Timau aliye kwenye kile kikundi chao, mwenzake wa chuo, wamepangiwa siku ile ile ya kufungua ila Peris ni wa darasa la asubuhi. Hawajawahi kuonana. Theuri akasema hiyo si shida, Peris atatumiwa nyingine. Warigia akamuuliza nyingine ipi, kama hii yetu ya kwenye kiondo? Mtoto akaizima ile kompyuta, akairudisha ndani ya boksi polepole, vile ilivyokuwa. Mimi nilikuwa nimekasirika na dunia nzima na yeye akiwemo. Nilikuwa nimeketi pale nikijua kwamba mtoto wangu amerudisha chuo chake ndani ya boksi la mtu mwingine.

Nikachukua simu. Kila boksi lilikuwa na jina na namba ya mwenyewe, nikawapigia mmoja mmoja pale nilipoketi. Nikawaambia, mimi ndiye yule mama wa picha, tulipokuwa tunacheka hatukuwa tumefungua. Njoo ufungulie mzigo wako mbele ya karani. Katikati ya simu hizo Theuri akasema anaenda msalani mara moja. Mpaka leo hajatoka huko msalani. Polisi wameandika maneno yetu na wanasema wanamtafuta, na mimi nawapigia kila asubuhi wasije wakasahau. Pesa zako usizingoje, lakini mimi sijachoka.

Peris tulimpigia mwisho. Warigia akazungumza naye kando, kwa muda mrefu. Akarudi na macho mekundu akaniambia kwamba Peris amesema tusiache ile kompyuta pale ofisini, Warigia aibebe mwenyewe mpaka Timau. Asubuhi Peris ataitumia kwa darasa lake, jioni Warigia ataitumia kwa lake. Kumbe kwa kina Peris ni mwendo mfupi tu kutoka kwa mama yako. Anaweza kulala kwa nyanya yake na kusoma kwa Peris.

Kesho yake alasiri nikamfungia sweta mbili, mkate na chupa ya maziwa, akaenda. Jumatatu jioni alionekana usoni. Wamemwandika, nafasi ni yake, na jina lake limeingia. Mama yako amenipigia kusema mtoto anakula vizuri, na kwamba anafanana na wewe ulipokuwa wa umri huo. Kaka yako Mburugu anaenda kumchukua kwa kina Peris kila usiku ili asitembee peke yake. Nimewashukuru wote. Nilijaribu kuwashukuru bila wivu na nikashindwa.

Kanisani leo nilisimama nikaeleza yote, ili kila aliyeiona ile picha ajue. Mchungaji alikasirika kwa upole, kama anavyofanya. Shiro ameiondoa na anaomba msamaha kila anaponiona. Magdaline amesema kuanzia sasa tutafungua kwanza halafu tuombe, na wazee wawili wakapinga, na mpaka sasa wanabishana.

Usiku ndio mbaya. Nimekuwa nikipika ugali wa watu wawili na nusu yake napelekea mbwa. Natazama juu ya kabati, kitambaa kipo, hakuna kitu chini yake. Watu wananiuliza kama hasira yangu ni ya pesa. Pesa mimi na wewe tumewahi kukosa na tukaishi. Huyo kijana amenitolea mtoto nyumbani kwangu. Miaka yote hii sijalala usiku hata mmoja bila kumsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, na sasa nalala nikisikiliza ukuta.

Ngugi na Anita, wale watoto wa jirani, wanakusalimu, wanasema wamefikia masomo ya juu na wewe hujawaona. Mzee Wambugu anakusalimu. Wazee wa ukoo wetu kule Wamagana wanauliza utarudi lini, nami nimewaambia waulize mkataba wako. Msalimie Simeon umnyweshe chai ya kweli, kwa sababu amekubali kubeba hasira yangu yote bila kunitoza kwa kilo. Mungu akulinde wewe na huo mgongo, akupe waajiri wenye utu, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Warigia ameniambia umeapa kumtumia kompyuta nyingine kutoka huko huko, kwa mkono wa Simeon akija Desemba. Sikukatazi. Lakini nisikilize vizuri, wifi. Usiipeleke Timau. Iletwe hapa Mweiga, kwangu, ndani ya nyumba hii, ili mtoto aifuate.

Mimi wako, mwenye hasira nyingi na anayekupenda kuliko hizo hasira,

Wakiuru